Safari ya Garth Iliyobaki Uani

Kijumba cha Uani,
Barabara ya Ziwani,
Colac, Victoria,
Australia.
11 Septemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Gwenda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii inayokataa kuondoka. Magoti yako yanaendeleaje? Mumeo Alasdair ameacha kiko, au bado anakohoa hadi majirani wanaamka? Na binti yenu Fiona, amejifungua salama? Barua yako ya Pasaka niliipata, pamoja na picha ya bustani. Nimeiweka juu ya redio. Naona nanyi huko Scotland mna jua siku mojamoja.

Mimi ni mzima. Nina miaka themanini na minne, na meno niliyobakiwa nayo yanamaliza mbavu za kondoo bila msaada. Kwa hiyo nikikueleza shida zangu usidhani ni za mwili.

Garth amefariki. Mkwe wangu, yule seremala aliyekuchezesha dansi siku ya arusi yake na binti yangu Roslyn mpaka ukapoteza kiatu. Alifariki tarehe saba Agosti, sebuleni, saa tatu asubuhi. Ni mapafu. Ujanani alikata mabamba ya asbestosi bila hata kitambaa puani, na vumbi lile lilimngoja miaka arobaini. Nisamehe kukupa habari hii kwa karatasi. Roslyn hakutaka nipige simu, na siku hizi asilotaka Roslyn halifanyiki.

Sasa kaa kitako nikueleze jambo ambalo sijamwambia hata padre. Padre huyu mpya ana uso wa mtu anayesikitika kabla hujafungua mdomo, na mimi watu wa hivyo siwawezi.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba wamenunua karavani, nyumba ya kuvuta nyuma ya gari, ili wazunguke nchi nzima wakishastaafu. Hapa kwetu ni kama homa. Ikifika Mei, kila mzee mwenye mvi na gari lenye nguvu anafunga nyumba na kuelekea kaskazini kwenye joto. Miaka miwili, walisema. Adelaide, Alice Springs, Darwin, Broome, kisha Perth na kurudi kwa njia ya jangwani. Na Mei ndiyo Mei. Ukichelewa, huko juu joto na mvua vinafunga barabara, unasubiri mwaka mwingine.

Garth alikuwa na daftari. Kila siku ya safari imeandikwa: watalala wapi, watatazama nini. Nyuma ya karavani alipaka kwa rangi ya buluu GARTH NA ROSLYN na namba ya chaneli ya redio, ili wasafiri wenzao wawaite barabarani. Jumapili walikuwa wakifanya mazoezi ya kuirudisha karavani nyuma hapa uani. Garth ametoa kichwa dirishani, Roslyn anapunga mikono kama anafukuza nyuki na kumpigia kelele.

"Kata kulia, mpenzi! Kulia! Ukimgonga Mama tutakosa mtu wa kutukosoa!"

"Akinigonga mtabaki nyumbani mnizike," nikajibu kutoka mlangoni mwa kijumba changu. Walicheka. Mimi sikuwa natania sana.

Kilichonichoma, Gwenda, ni mizani. Karavani ina uzito wake wa sheria, na Garth alipima kila kitu kwa mizani ya jikoni, hata vijiko. Siku moja wametoka nikaingia mle ndani kuchungulia. Vikombe viwili. Sahani mbili. Viti viwili vya kukunja. Kwenye orodha yake ukutani aliandika uzito wa kikaango, uzito wa blanketi, uzito wa chupa ya sosi ya nyanya. Mimi sikuwamo. Nilikuwa nimepangiwa nyumba ya wazee ya pale mlimani, ambako wanakula saa kumi na moja na kulazwa saa moja kama kuku. Miaka miwili! Nikiwa na miaka themanini na mbili wakati ule. Watu wanadhani kikongwe hajui hesabu.

Mara ya kwanza nilianguka kweli. Mei 2017, siku moja kabla ya kuondoka, nilikanyaga majani yaliyolowa nikavunjika kifundo cha mkono. Wakashusha vitu vyote, na Roslyn akanilisha kwa kijiko wiki sita. Sikudanganyi, zilikuwa wiki nzuri.

Mara ya pili sikuanguka. Mei iliyofuata, asubuhi ya safari, niliwasha hita ya bafuni, nikatandika taulo, kwa sababu sakafu ya Mei ni barafu, nikajilaza juu yake taratibu kama mtu anayepanda kitandani. Kisha nikapiga kelele. Roslyn alilia. Garth alishusha vitu, kikombe kimoja kimoja, na daftari akalirudisha kwenye droo.

Novemba ile ndipo daktari wa Geelong alipomwambia Garth habari za mapafu. Mwaka huu Machi akawaambia, "Nendeni, lakini nendeni sasa. Msingoje kitu."

Nilijua, Gwenda. Usije ukamwambia mtu kwamba dada yako alikuwa hajui. Nilikuwa nimekaa mezani wakati Garth anatuambia, nikamkatia kipande kikubwa cha keki. Na nikiwa namkatia keki, nilikuwa tayari nafikiria taulo.

Basi Mei hii, asubuhi ya safari, nikalala tena chini. Lakini kabla sijafungua mdomo mlango ukafunguka, akaingia Garth. Alikuwa amekuja kuniaga. Aliketi ukingoni mwa bafu kwanza, apate pumzi.

"Mama. Umeanguka tena?"

"Nyonga, Garth. Nadhani nyonga imekwenda."

"Na taulo ulilitandika kabla haijakwenda, au baada?"

Nikalisukuma pindo la taulo chini ya mgongo.

"Mwaka jana pia niliona," akasema. "Sikumwambia Ros. Wewe ni mama yake."

"Basi unataka nini?"

"Nataka uinuke, Mama. Nina miezi mitatu, minne nikibahatika. Nataka kuiona Broome. Nikae mchangani jua linazama, viatu mkononi, bia moja. Hata nusu bia. Inuka. Nitasema uliangusha sabuni, nikakusaidia kuitafuta. Saa nne tutakuwa barabarani, na neno hili nitakwenda nalo kaburini. Si mbali."

"Miaka miwili, Garth. Mlisema miaka miwili."

"Mimi sina miaka miwili," akasema, na alisema kwa upole kabisa. "Ros atarudi kwako mapema kuliko unavyofikiri."

Akaninyooshea mkono. Mikono yake ilikuwa imekonda, misumari imekuwa ya buluu. Niliutazama ule mkono. Nilifikiria chakula cha saa kumi na moja kule mlimani, na wale wanawake wanaokaa wameinamia televisheni. Kisha nikavuta pumzi nikaita kwa nguvu zangu zote, "Roslyn! Roslyn, nimeanguka!"

Mkono wake ulikaa hewani kidogo, halafu akaurudisha mapajani. Roslyn alifika upesi kuliko nilivyotazamia, nikafurahi kuona bado ana haraka na mimi. Alipiga magoti, akaniita Mama, Mama. Hospitali hawakuona kilichovunjika, lakini daktari aliona umri wangu akasema nisihamishwe wala kuachwa peke yangu kwa mwezi mzima. Wakashusha vitu mara ya tatu. Safari hii Roslyn alishusha peke yake, maana Garth hakuweza tena kubeba.

Juni wakamletea mashine ya hewa. Julai wakamhamishia kitanda sebuleni, naye akaomba kigeuzwe kitazame uani, kwenye karavani. Nilikuwa nampelekea supu. Aliinywa, akasema asante Mama, kila mara. Ningependa angenitukana hata mara moja. Mtu akikutukana unajua mmemalizana.

Siku ya tano baada ya mazishi tulikuwa tunakunywa chai, Roslyn na mimi. Nikaona ni vizuri niseme neno la kufariji. Nikasema, "Mwanangu, laiti nisingeanguka."

"Hukuanguka," akasema.

Nikaweka kikombe chini.

"Nilikuwa kwenye korido, Mama. Nilikuja kukuletea koti lako. Nilisikia habari za taulo, nikasikia za Broome, nikasikia na sabuni. Nilisimama pale nimekumbatia koti, nikasubiri nione utafanya nini."

"Na ulipoona, mbona hukusema?"

Akazungusha kijiko kwenye chai ambayo haikuwa na sukari.

"Kwa sababu nilifurahi. Nilikuwa naogopa atanifia njiani, kilomita mia tatu kutoka kwa mtu yeyote, mimi na maiti na karavani nisiyojua kuirudisha nyuma. Nilikuwa naomba Mungu litokee jambo. Ukaita. Nikakimbia." Akanitazama. "Ulinipa nilichokuwa nakitaka, na mimi nikakichukua. Kwa hilo sitakusamehe, Mama. Wala usinisamehe."

Siku mbili nilikaa kijumbani kwangu. Siku ya tatu nikavaa gauni zuri, nikamwambia, "Nenda sasa. Nenda wewe, Roslyn. Mimi nitajipeleka mlimani kwa miguu yangu, na vitu vyangu kwenye kigari cha sokoni."

"Huendi popote," akasema. "Ungejisikia vizuri mno."

Hanipigi, usinielewe vibaya. Hanifokei. Ananichana nywele, ananikata kucha, ananipikia viazi laini ninavyopenda. Lakini kila siku saa kumi na moja jioni ananivika koti la Garth, ananitoa nje na kunikalisha kwenye kile kiti chake cha kukunja kando ya karavani. Yeye anakaa kile cha pili. Saa hiyo ndipo wasafiri wa karavani nchi nzima wanapotoa viti, mvinyo na jibini, wakapiga soga na majirani wa siku moja. Nasi tunatoa. Anafungua daftari, anasoma ya siku hiyo. "Leo tuko Katherine, Mama. Kuna korongo. Garth ameandika twende na mashua ya asubuhi." Kisha tunakaa tukitazama ua wa jirani na pipa la taka, mvua ya Colac ikitudondokea, mpaka glasi zimalizike. Lazima zimalizike.

Juzi ilikuwa Broome. Alisoma kile alichoandika Garth, si kirefu, ni mistari miwili. Halafu akavua viatu vyake na soksi, akanivua na mimi, akaniwekea viatu vyangu mkononi. Nyasi zilikuwa zimelowa, baridi kama barafu. Tulikaa hivyo mpaka jua likazama nyuma ya gereji. Alilia, na nilipotaka kumshika bega akasogeza kiti. Nami nikalia; sijalia namna ile tangu azikwe mume wangu Stan, na sikuwa nalia kwa ajili ya miguu.

Nilimuuliza karavani ataiuza lini. Akasema haiuzwi. Nikamuuliza daftari linaishia wapi. Garth alikuwa akiziandika tarehe upya kila mwaka; Roslyn akafungua ukurasa wa mwisho akanionyesha: Mei 2021.

Utasema nimejitakia. Sawa, nimejitakia. Nilitaka asiniache, na haniachi. Ukiniuliza kama ningeuchukua ule mkono wa Garth leo, nitakuambia ndiyo, na huenda nikawa naongopa hata hapo. Lakini siwezi miezi ishirini ya kukaa kwenye kiti cha marehemu, Gwenda. Siwezi.

Kwa hiyo nina ombi moja tu, na sijakuomba kitu tangu uolewe. Niandikie uniite kwako. Sema unaumwa, sema Alasdair ana hali mbaya, ongopa uwezavyo, ukoo wetu hatuna shida hapo. Niwekee kitanda chochote, hata chumba kile cha kufulia. Akiona barua yako huenda ataona haya kunizuia. Na akiniachia, naye atakuwa huru kwenda anakotaka, ingawa sijui kama bado kuna anakotaka.

Nisalimie sana Alasdair na kifua chake. Msalimie Fiona, na mtoto nibusie kwenye nyayo. Wasalimie na wale mapacha wako, waambie mama yao mkubwa, mzee wa Australia, bado yupo. Barua hii Roslyn ataipeleka posta kesho akienda kununua mkate. Mungu akuweke, mdogo wangu, akupe watu wa kukaa nawe kwa hiari yao.

Ni mimi dada yako nikupendaye toka tulipolala kitanda kimoja,

Elva

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma kabla ya kuifunga, na yeye alijua nitaisoma. Hajaongeza chumvi popote. Tafadhali usimwite. Tumemaliza Broome, kesho tunaelekea kusini, na Garth ametuandikia vituo vingi vizuri huko.

Mwanao,
Roslyn