Jenereta Lilipozima, Walipiga Makofi

Leo unatimia mwaka mmoja, Baba Mapacha, tangu watu wakupigie makofi huku unakufa.

Wenzetu wakiandika kumbukumbu huanza na maneno laini. Sisi tuliyatafuta, hatukuyapata. Dada yako, wifi yangu, alitaka niandike kwamba ulilala usingizi wa amani. Nikamwambia aandike yeye, maana mimi niliiona sakafu uliyolalia: zulia la mpira mweusi, unga wa chaki ya kupaka viganjani, jasho la watu. Akaniachia kalamu.

Ulikuwa fundi friji, na mtaa mzima unajua hukubahatisha. Friji la mtu likifa ulilipiga-piga ubavuni kama ng'ombe, ukaliuliza limekula nini. Jirani yetu mwenye kisukari alipoharibikiwa na lake, dawa zake zilikaa kwetu wiki nzima, na ole wake mtoto aliyezisogeza ili aweke soda. Ulimpelekea mwenyewe kila asubuhi kabla hujafungua karakana.

Na kelele zako je? Hukuwahi kufanya jambo kimya. Ulivaa viatu kwa kuguna, ulinyanyuka kwenye kiti kwa kuguna, hata kikombe cha chai ulikipokea kama mtu aliyetwishwa gunia. Mapacha walipokuwa wadogo walikuiga nyuma ya pazia wakidhani huwasikii. Mimi nilishazoea. Mwanamume anayeguna humtafuti, unajua yuko chumba gani.

Kisha ukaniletea mke mwenza. Heri angekuwa mwanamke, ningejua pa kuanzia. Ulikuwa ukumbi wa mazoezi, lile ghala la zamani la magodoro nyuma ya kituo cha mafuta, ambako watu wananyanyua vyuma, wanaruka masanduku na kuvuta makasia pasipo na maji, huku saa ya ukutani inawakimbiza. Daktari alikuambia utembee jioni upunguze tumbo. Wewe ukaenda kushindana na watoto wa watu alfajiri. Ulirudi unatembea kama uliyepigwa, na unacheka. Ukanieleza kwamba kule anayebaki nyuma haachwi peke yake, wote wanamzunguka wamtie moyo mpaka amalize. Ukasema, "Mama Mapacha, wale ni familia."

Neno hilo lilinichoma na sikukuficha. Nilikuambia familia yako imelala humu ndani, na wewe unaamka gizani kuifuata nyingine. Ukanicheka, ukachukua kamba yako ya kuruka, ukaenda.

Mguno wako waliusikia na wao. Wakakupa jina la Jenereta, na wewe ukalipenda kuliko jina ulilopewa na mama yako.

Jumamosi ile mlifanya mazoezi ya wawili wawili. Wana desturi yao: saa ikilia, kila mtu anajitupa chini chali na kuhema, na wanaotazama wanapiga makofi. Ndiyo fahari yao. Anayebaki amesimama anaonekana hakujituma. Na wewe ukajitupa. Wakakupigia makofi. Mwenzako wa siku hiyo, mwalimu wa hesabu, akakugonga ngumi begani, akaenda kunywa maji. Mwingine akakuruka akapita na fagio. Wakapiga hata picha, wote mmelala chini, na katika picha hiyo ni wewe peke yako usiyecheka. Hilo waliliona baadaye.

Daktari wa hospitali hakutuzungusha. Alisema moyo wako ulisimama, na kama kifua chako kingebonyezwa mapema, huenda. Akaishia hapo, kwenye huenda, na sisi tumebaki kuishi nayo.

Kocha alikuja msibani na kundi lake, wamevaa fulana za aina moja kama timu iliyoshinda. Walibeba jeneza lako kama halina mtu ndani. Nguvu ya kukubeba walikuwa nayo. Nilimvuta kando nikamtaka anieleze. Alilia, namshuhudia kwa hilo, akasema, "Mama, tulidhani amechoka kama wengine."

Nikamjibu, "Mume wangu hajawahi kuchoka kimya. Nyinyi wenyewe mlimwita Jenereta. Jenereta likizima ghafla, nani hasikii?"

Familia, Baba Mapacha? Doto akiwa jikoni, asipokusikia ukiguna sebuleni, alikuwa anaacha mwiko aje kuchungulia. Hiyo ndiyo familia. Wale walikuwa watu waliokutana na wewe asubuhi.

Mwezi uliopita kocha akarudi. Wana mila nyingine: mwenzao akifa wanatunga mazoezi, wanayapa jina lake, na kila mwaka wanayafanya kwa heshima yake. Ya kwako yataitwa Jenereta. Walikuwa wameshayaandika ubaoni, sasa anaomba baraka za familia. Nikamuuliza mazoezi hayo yakiisha watu watafanya nini. Akatazama viatu vyake. Watajitupa chini, wapigiwe makofi.

Nilimfukuza. Majirani wanasema nilimtukana. Wanasema kweli.

Ndipo Kurwa akafungua mdomo. Binti yako, aliyerithi mguno wako na ukaidi wako wote, amekuwa akienda kule miezi kadhaa, na fulana yake inafuliwa kwa shangazi yake ili nisiione. Nilihisi nimezungukwa. Nikamuuliza anatafuta nini kwa watu waliomuua baba yake.

Akasema, "Hawakumuua, Mama. Hawakumwangalia. Mimi naenda kuwaangalia."

Nikaenda jikoni kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu ndani.

Kwa hiyo jibu la familia ni hili, na tunaliandika hadharani ili asitokee wa kusema hakusikia. Jina lako hatujawapa. Tumewaazima, kwa Jumamosi hii tu, kwa sharti moja: saa ikilia, hakuna makofi mpaka kila aliyelala chini ameulizwa na mwenzake na amejibu kwa sauti yake mwenyewe. Kocha alisema watu watakuwa wanahema, hawataweza kusema. Nikamwambia anayehema hakosi neno moja, ninayemtafuta ni yule asiyehema. Akakubali. Alikubali haraka mno, na simwamini.

Na wewe pia nina hasira nawe, usidhani kufa kumekuokoa. Ulisema unakwenda kutafuta nguvu za kuzeeka na mimi. Nazeeka mwenyewe, na karakana yako imejaa mafriji ambayo hakuna wa kuyauliza yamekula nini. Nakupenda, na bado sijamaliza kukugombeza.

Jumamosi nitakuwepo. Siendi kupatana na mtu, na asinikaribishe mtu maji. Kurwa atajitupa chini, namjua. Atakapolala sitamsubiri mwenzake. Nitapita katikati yao na gauni langu la heshima, nipige magoti kwenye chaki yao, nimwite mwanangu. Najua ataitika. Nitamwita hata hivyo, na makofi yao yatasubiri mpaka nimsikie.

Tunaokukumbuka: mimi mkeo, ambaye sijasamehe, Kurwa, aliyekwenda kuangalia, Doto, ambaye bado anaacha mwiko na kuja sebuleni, dada yako, mfua fulana za siri, na jirani yetu wa dawa, aliyeomba atajwe hapa pamoja nasi.

Hatutakusahau kamwe, na wao hatutawaacha wakusahau.