Magunia ya Baba Sebuleni

Marahaba, mjukuu wangu Koku. Mungu anatutunza hapa Nyabiyonza, ila babu yako miguu bado inamsumbua. Umeniuliza kama mkulima hukumbukwa kwenye hiyo mikutano ya biashara ya mataifa uliyopelekwa.

Nikiwa msichana, baba alianika kahawa juu ya udongo, kama babu zake. Mnunuzi akainusa, akaikataa yote.

"Mzee, nchi zinazonunua zimebadili sheria. Siku hizi kahawa huanikwa kwenye mkeka."

"Zilikubaliana na nani?"

"Kulikuwa na mkutano."

"Basi mwaliko wangu umeliwa na mbuzi?"

Watu waliokuwapo walicheka, baba hakucheka. Magunia yakabaki sebuleni, yakawa viti. Kila mgeni aliyeyakalia, baba alimuuliza, "Wewe uliitwa?"

Alikufa hajajibiwa. Nakuombea kwenye rozari, mama. Ukiingia ukumbini, umuulizie lile swali lake.

Bibi yako