Nilimwambia Kaka Akatae Milioni Tisa

Mama Verlene, mshauri wetu wa ukurasa wa nane, naomba unisaidie kabla kambi ya mazoezi haijafunguliwa, na nakuomba usinicheke mwanzoni, subiri nifike katikati, hapo utacheka vizuri zaidi.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na miwili, chuo nilisoma takwimu mwaka mmoja na nusu nikaacha kwa sababu mwalimu alikuwa haendi na kasi yangu, au kwa sababu nilikuwa nalala darasani, inategemea unamuuliza nani, na sasa hivi nabadilisha matairi kwa mjomba, ila Jumamosi utanikuta kwa kinyozi wetu Mzee Cleotis, kiti cha tatu kutoka mlangoni, hata kama sina nywele za kunyoa. Pale wananiita Profesa. Ilianza kama utani, sikatai, lakini utani uliisha siku nilipotaja mkataba wa mrushaji wa timu yetu ya mpira wa Kimarekani wiki mbili kabla haujasainiwa, nikapishana na ukweli kwa kiasi ambacho mrushaji mwenyewe akikidondosha hainami kukiokota. Nikataja wa mpiga mateke, ambao mtu mwenye shughuli zake hajisumbui nao, nikapatia tena. Namna yangu ni rahisi na siioni aibu kuisema: nachukua wachezaji wa nafasi ileile na umri uleule waliosaini karibuni, namtupa aliyelipwa kupita wote na aliyepunjwa kupita wote, waliobaki nawachanganya, naongeza kidogo kwa sababu kila mwaka ligi inazipandishia timu ukomo wa mishahara, basi. Watu wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo, mimi naifanya huku nakula karanga.

Sasa, kaka yangu Dashon ni mlinzi wa mstari wa pili wa Wachimba Makaa, yule anayesimama nyuma ya wale wanene wa mbele na kumwangusha kila anayepenya na mpira, na msimu uliopita katika ligi nzima alizidiwa na mtu mmoja tu kwa idadi ya watu aliowaangusha, na mkataba wake umebakiza mwaka mmoja. Timu ikaja mapema na karatasi: miaka mitatu zaidi, dola milioni tisa kwa mwaka, nusu yake pesa za uhakika, zile ambazo wanakulipa hata ukivunjika mguu keshokutwa. Wakasema karatasi hiyo inakaa mezani hadi siku geti la kambi litakapofunguliwa, baada ya hapo wataongea naye msimu ukiisha kama watakuwa bado wana hamu.

Siku ya sikukuu ya uhuru, Julai, tulikuwa kwa mama uani, mbavu ziko motoni, ukoo mzima upo, na majirani ambao hakuna aliyewaalika, na kaka akapiga chupa na uma hadi watu wakanyamaza, akaniuliza mbele ya wote.

"Profesa, hebu sema. Mimi ni wa bei gani?"

Mama Verlene, elewa jambo moja, kaka yangu ananizidi miaka sita na tangu nizaliwe hajawahi kuniuliza kitu chochote zaidi ya kuniuliza nimeweka wapi chaji yake. Nikasimama juu ya kiti. Nikawaambia namna yangu yote, wa juu kabisa nje, wa chini kabisa nje, nikawatajia idadi ya watu alioangusha, nikamaliza hivi:

"Kaka, wakikupa chini ya kumi na tano, warudishie kalamu yao."

Ua mzima ulilipuka kwa shangwe, mjomba alimwaga bia, mama akaanza kutaja rangi ya jiko jipya. Shemeji yangu Renita, mke wa kaka, hakupiga makofi. Alinisubiri nishuke kwenye kiti akanisogelea na sahani yake ya viazi akaniuliza polepole.

"Shemeji, una uhakika, au unafurahisha watu?"

Nikamwambia vyote viwili vinawezekana kwa wakati mmoja ukiwa na kipaji. Akaenda zake na sahani yake. Jumatatu kaka akamwambia wakala wake aiambie timu hapana.

Na kule kwa kinyozi nako nilikuwa nimeshaongea. Mzee Cleotis aliniambia, "Dogo, mdomo wako una mbio kuliko kaka yako," nikamjibu kwamba kaka akisaini kwa chini ya kumi na tano nitavaa jezi ya Wakata Mbao kila Jumamosi msimu mzima, pale pale kiti cha tatu. Unawajua Wakata Mbao, mama, hapa bondeni mtu akivaa jezi yao hata mbwa anahama upande wa barabara. Jumamosi iliyofuata nikakuta Mzee ameshainunua, ameitundika kwenye msumari juu ya kioo, saizi yangu.

Hapo ndipo tunafika katikati. Jumapili moja mama akiwa kanisani nilikaa mezani jikoni nimtengenezee kaka video fupi ya uhondo wake wote, tuwatumie mabosi waone haya, na ili nipate vipande vizuri ikabidi nirudie mechi zote, na mechi ya tatu nikaanza kuona kitu, ya tano nikasimamisha picha, ya sita nikaacha kula. Ni hivi. Mbele ya kaka alikuwa anasimama Leavasa, lile jitu la Kisamoa lenye shingo kama pipa, na kila mara kaka anapomfikia mtu wa mpira akiwa peupe bila kuguswa, ukiangalia pembeni unakuta Leavasa ana watu wawili wamemng'ang'ania, na mmoja wao kazi yake ilikuwa aende kwa kaka. Leavasa akitoka kunywa maji, yule mmoja anafika. Kaka anasukumwa, anajinasua, anamkimbilia mtu wa mpira kwa nyuma, anamwangusha kweli, lakini yadi nane mbele. Kwenye takwimu wote wawili ni mtu mmoja ameangushwa. Mimi Profesa nilihesabu walioanguka, sikuangalia walipoangukia.

Na Leavasa ameshaondoka, alisaini kwingine mwezi wa tatu, huko pwani ya magharibi. Kwa hiyo kaka anaingia msimu wa mwisho wa mkataba wake bila lile jitu mbele yake, na ni yuleyule niliyemwambia arudishe kalamu.

Kitu kingine nilichokiona hakina namba kwa hiyo sijui kina faida gani, ila nakitaja kwa sababu kilinichekesha: kaka haachi kuongea. Kabla mpira haujaanzishwa anamsogeza huyu, anamvuta yule jezi, ananyooshea kidole mahali ambapo hakuna mtu, na sekunde mbili baadaye mpira unakwenda hapohapo na unamkuta aliyesogezwa ameshafika. Mechi moja aliyoikosa kwa sababu ya kifundo cha mguu, wenzake walikuwa wanazunguka kama watu waliosahau wameegesha wapi gari.

Nilifunga kompyuta nikaenda kula. Sijamwambia mtu. Kaka anapita kwa mjomba kila baada ya siku mbili, ananipiga begani, anasema Profesa wangu, watu wa timu wamepiga tena na mimi nimewakatia. Nikimwambia, imani yake kwangu imekwisha, na pengine hata imani yake mwenyewe uwanjani, na mchezaji wa nafasi ile akianza kujifikiria anachelewa. Nikinyamaza, labda itatokea timu ya wajinga wanaohesabu kama mimi, maana wapo, ligi imejaa. Nifanye nini? Na jezi ile naomba uishughulikie kama swali la pembeni.

Ni mimi, Profesa wa Kiti cha Tatu.

MAMA VERLENE ANAJIBU

Profesa, umelificha jina la kaka yako kwa uangalifu mkubwa, kisha ukanitajia timu yake, nafasi yake, kinyozi wenu na sahani ya mkewe. Majina yaliyochapishwa hapo juu nimeyabuni mimi, timu nimezigeuza, pesa nimezigusagusa. Jibu hili nimekutumia wewe kwanza, siku nyingi kabla ya gazeti, kwa hiyo usiniambie ulichelewa kulisoma.

Nimecheka. Sasa tuendelee.

Pale juu ya kiti hukudanganya. Ulibwabwaja, na kijana anayebwabwaja kwenye sherehe ya ukoo si habari ya gazeti. Uongo ulianza ulipofunga kompyuta ukaenda kula. Tangu siku hiyo kila akikupiga begani na wewe ukachekelea, unamdanganya upya, na unajua, ndiyo maana umeniandikia barua ndefu kuliko zote nilizopata mwaka huu. Shemeji yako alikuuliza swali moja la mtu mzima na wewe ukamjibu kwa mbwembwe. Huyo mwombe radhi kwanza.

Unasema unaogopa kumvunja moyo. Tuseme ukweli kidogo. Kaka yako ameshawahi kusukumwa na mtu wa kilo mia na hamsini akainuka, hawezi kushindwa kuinuka kwa maneno yako. Unachokiogopa ni kurudi kuwa yule wa kuulizwa chaji iko wapi. Nakuelewa. Lakini kwa ajili ya kiti chako kwa kinyozi unataka yeye acheze mwaka mzima akiwa uchi mbele ya wanene wa timu pinzani, kisha aende sokoni na namba zilizoshuka na magoti yaliyozeeka. Hiyo bei ni kubwa mno, na anayeilipa si wewe.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alicheza mstari wa mbele miaka minne, kazi ya huyo Leavasa wako. Jina lake lilitajwa kwenye vipaza sauti vya uwanja siku alizokosea tu. Kwa hiyo ulipoona ile picha ukaisimamisha, hapo nilikuheshimu kidogo. Halafu ukaharibu. Kitu cha maana kuliko vyote ulivyoona ukakiweka mwishoni, ukasema hakina namba na kwamba kilikuchekesha.

Hebu fikiri. Timu iliyomwacha Leavasa aende ndiyo hiyohiyo iliyoleta karatasi kwa kaka yako. Mechi hizo wamezitazama kabla yako, na wana watu wanaozitazama hadi macho yanavimba. Wanajua alikuwa anaangusha watu kwa msaada wa nani, na bado wameweka milioni tisa. Wanalipia mdomo wake na kile kidole. Nusu ya walinzi wale wanasimama mahali pao kwa sababu yeye amewaambia. Akienda timu nyingine atafika mgeni, lugha yao haijui, na huko watakuwa wamenunua idadi ya walioanguka, ambayo mwakani haitakuwepo. Kaka yako si wa kumi na tano popote, na hapa bondeni ni wa thamani kuliko mahali pengine pote. Hiyo ndiyo hesabu uliyoulizwa siku ile uani.

Nenda nyumbani kwake. Usiende kwa kinyozi, usisubiri Jumapili watu wakusanyike, na usipande juu ya kitu chochote. Renita awepo. Weka video mbili tu: Leavasa akiwa anakunywa maji, na ile mechi ya kifundo cha mguu. Sema, nilikosea, tazameni, kisha funga mdomo. Atakasirika, muache akasirike. Akimaliza, mwambie amrudishe wakala mezani kabla geti halijafunguliwa, na wakala achukue video ile ya pili kama silaha yake, asiombe kumi na tano, aombe sehemu ya uhakika iongezwe, maana jumla kubwa ni ya kusomewa kwenye redio, na pesa ya uhakika ndiyo inayoingia benki. Akikataa baada ya kuona yote, basi amekataa macho yakiwa wazi, na hilo ni lake na mkewe. Wewe hutajwi tena.

Kuhusu jezi, sina huruma nawe. Utaivaa, Jumamosi zote, na ukiulizwa ni kwa nini utasema kaka yako amesaini, na utaona ni wangapi watacheka kwa muda mrefu.

Nenda leo, kabla hawajakaa kula. Renita akikuuliza tena kama una uhakika, mara hii mwambie huna. Mwambie una video.