Ndizi ya Mama Mkwe

Jumanne, Goma

Nusura nidanganye. Daktari aliuliza kama nimekula, maana mpira wa ekografi wanaoupitisha kooni ili waone moyo kwa karibu unataka tumbo tupu. Na asubuhi, kule nyumbani Kitshanga, mama mkwe alinishikisha ndizi ya kuchoma. Kwetu muntu haendi safari na njaa, zaidi safari ya vita. Nikala. Nikasema kweli.

“Njo vizuri umesema, Mama. Ungetapika, ingeingia mu mapafu, ungekufa. Tutafanya kesho.”

Kesho. Huo mpira naumeza tangu sasa.

Jioni mume wangu akapiga simu. Risasi zinalia karibu na nyumba, majirani wamekimbia. Mama mkwe hataki watoke kwanza. Anapika. Anasema watoto wetu hawaendi safari na njaa.