Duka la Pombe la Umoja Wetu

Mpendwa Bi. Swalha, naomba unishauri maana nimeshindwa hata kusali. Mimi ni Felisia, nanunua nguo Zhanqian Road hapa Guangzhou na kuzituma Mwanza, na ni mwenyekiti wa umoja wetu wa Watanzania wachache wa mtaa wa Xiaobei, umoja ambao miaka mitatu iliyopita ulifungua duka lake la pombe kwa hoja yangu mwenyewe, kwamba watu watakunywa tu, basi faida isaidie wagonjwa na kusafirisha maiti, na kweli imesaidia, mwenzetu Agape alifanyiwa upasuaji wa uzazi kwa faida hiyo.

Mdogo wangu Jovin nilimwita mimi huku, akaanza kunywa, na mwezi uliopita muuzaji wetu Agustino alinipigia mchana nikiwa nafunga mizigo, akaniuliza, "Dada, Jovin amelewa tangu asubuhi na anataka chupa nyingine, nimwambie meiyou, hakuna?" nami kwa haraka zangu nikamjibu, "Muuzie, si ataenda kununua kwa wengine tu?" na kesho yake tukamkuta ameanguka kwenye ngazi za nyumba yake, amekufa, na maiti yake ikarudishwa nyumbani kwa faida ya duka lile lile, mama akanipigia akilia, "Ahsante mwanangu kwa kunirudishia mtoto," nikakata simu bila kumwambia nilichomjibu Agustino.

Sasa wanachama wamegawanyika na Jumapili tunapiga kura, George anasema bila duka Jovin angezikwa ugenini, Evaline anasema bila duka Jovin angekuwa hai, na wote wanamlaumu Agustino, naye hajanitaja, na kura zikilingana mimi ndiye wa kuamua. Nifanyeje?

Felisia, Guangzhou

Felisia, pole sana kwa msiba. Sitakudanganya kwamba nina neno la kukuondolea mzigo huo. Ulimpenda mdogo wako, na siku ile mizigo ikawa ya haraka kuliko yeye. Yote mawili ni kweli.

Lakini unaniuliza habari za duka huku umemwacha Agustino alaumiwe kwa kifo alichojaribu kukizuia? Ona aibu! Alikupigia kwa sababu alijua haifai.

Duka lifungwe. Ndiyo, mwenye duka jirani angemuuzia Jovin, ila huyo jirani hakuwa ameahidi kumtunza. Ninyi mliahidi. Changeni kila mwezi, na michango isipotosha, wengine watazikwa huko huko. Inauma, najua.

Ila usilifunge kwa kura yako. Leo mpigie Agustino umwombe radhi. Jumapili, kabla ya kura, simama useme ulichomjibu, kwa maneno yale yale, kisha mwachie mwingine kiti. Watakaokuzomea, uwavumilie. Halafu kata tiketi uende kwa mama yako. Huenda akakufukuza. Nenda hivyo hivyo. Habari hii haiambiwi kwenye simu.