Evilásio, na Kidole Nilichokifunga Mimi

Ni mwaka mmoja sasa tangu asubuhi ile ulipoinama kuokota mpira kwenye uwanja wa mazoezi wa klabu yetu ya Oleiros, usiinuke tena. Ulikuwa na miaka arobaini na minane. Makipa wako watatu walikuwa wamepanga mstari wakingoja zamu ya kupigiwa mashuti. Walidhani unafunga kamba za viatu.

Tangu siku hiyo sijakaa. Banda la kuku nimelipaka rangi mara mbili. Kabati la jikoni nimelihamisha ukuta huu hadi ule, kisha nikalirudisha. Dada yako Marlúcia ananiambia, "Mama, keti basi, unatuchosha sisi tuliokaa." Naketi. Kahawa haijapoa, nimeshasimama.

Si huzuni peke yake. Huzuni naijua, nilimzika baba yako na siku ya nane nikarudi kazini. Hiki ni kitu kingine. Nina neno mdomoni tangu mwaka tisini na tisa, na wewe ndiye uliyeniapisha nisilitoe. Ulisema, "Maadamu mimi niko hai, Mama." Basi wewe hu hai tena, mwanangu. Nimekuongezea na mwaka mmoja juu yake. Leo nalisema, na wote wanaosoma tangazo hili la gazeti hapa mjini kwetu Barro Fundo walisome mpaka mwisho.

Kwanza niseme ulivyokuwa.

Kudaka ulifundishwa na vigae. Baba yako Osório alikuwa mpakuaji wa kiwanda, na pale wanaume husimama mstari mmoja kutoka kwenye lori hadi ghalani wakirushiana vigae vya paa, viwili viwili. Ulipofikisha miaka kumi na miwili alikuweka katikati ya mstari. Kigae hakitaki mikono migumu. Ukikipokea kwa kishindo kinapasuka. Inabidi mikono irudi nyuma nacho, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Ndivyo ulivyodaka mpira maisha yako yote. Watu walisema una mikono laini. Walikuwa hawajui ni vigae vingapi vilikatwa kwenye mshahara wa baba yako kabla mikono hiyo haijalainika.

Golini hukutulia hata dakika moja. Ulikuwa ukigusa mlingoti wa kushoto, ukigusa wa kulia, ukirudi wa kushoto, hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Ulikula umesimama. Ulinipigia simu baada ya kila mechi, popote ulipokuwa, ukauliza swali moja tu, "Umekula?" na ukakata kabla sijajibu. Nilikuwa nakasirika. Sasa kila Jumapili ikifika saa kumi na mbili jioni natazama simu kama mjinga.

Sasa hilo neno.

Mwaka tisini na tisa Oleiros ilifika mechi ya mwisho ya kupanda daraja la kwanza la jimbo. Ilikuwa nyumbani, na sare ilitutosha. Wewe ulikuwa kipa, umri miaka ishirini na mitatu. Ijumaa mazoezini mpira ulikugonga ncha ya kidole cha pete, mkono wa kushoto. Jumamosi asubuhi ukaja kwenye kituo cha afya kidole kikiwa kimevimba kama soseji. Mimi nilikuwa muuguzi pale, nina diploma yangu ya chuo cha Juiz de Fora ukutani ndani ya fremu. Ilikuwa siku ya chanjo. Foleni ya akina mama na watoto ilitoka mlangoni ikazunguka hadi kanisani. Mashine ya eksirei ilikuwa mji wa pili, kilomita sitini, na ilifungwa saa sita mchana.

Nilikishika kidole chako kwa muda wa kumchoma mtoto mmoja sindano. Nilikikunja, nikakinyoosha, ukauma meno. Nikasema kimeteguka tu, hakijavunjika. Nikakifunga pamoja na jirani yake kwa plasta, kama makipa wote wanavyofungwa.

Ukaniuliza, "Mama, una hakika?"

Nikakujibu, "Nani hapa mwenye diploma?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Na wewe ukacheka, ukaenda.

Jumapili, dakika ya themanini na nane, bado hakuna bao. Namba tano wao akapiga shuti kutoka mbali kwa kukata tamaa. Mpira ulikuja polepole. Nilikuwa nimekaa nyuma ya goli lako na niliuona wote. Ulikuwa umeshafika. Mkono wa kushoto ulikuwa mbele ya mpira, mahali pake. Kisha vidole vikafunguka kama mlango usio na komeo, na mpira ukapita.

Hapa kwetu kipa akifungwa bao la kizembe husemwa amemeza kuku. Hilo walikuimbia uwanja mzima mpaka refa akamaliza, wakaliimba barabarani, wakaliimba chini ya dirisha letu. Asubuhi ya Jumatatu tulikuta kuku mzima, mweupe, amefungwa langoni kwa utepe.

Siku hiyo hiyo nilikupeleka kwa basi kupigwa picha. Daktari wa kule akaiinua dirishani. Mfupa ulikuwa umepasuka mahali pawili, na alisema ufa mmoja ulikuwa wa tangu Ijumaa na wa pili uliletwa na mpira wa Jumapili. Akauliza ni nani aliyekifunga kidole kile bila kupiga picha. Mimi nilifungua mdomo. Wewe ukawahi, ukasema, "Nilijifunga mwenyewe."

Kwenye basi la kurudi nikakuambia nikishuka naenda moja kwa moja redioni kueleza. Ukanishika mkono kwa ule mkono mzima. Hukuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Uliniambia, "Mama, fikiri. Ukisema, nani atakuletea mtoto wake tena? Mimi nitapata klabu nyingine. Wewe huna kituo kingine cha afya."

Nikabisha. Ukasema niape. Nikaapa. Hesabu yako ilikuwa sahihi: baba yako alikuwa hawezi tena kazi, Marlúcia alikuwa shuleni, na nyumba nzima ilisimama juu ya kituo kile. Lakini nitasema ukweli wote leo. Sikuapa kwa sababu ya hesabu. Niliapa kwa sababu niliona aibu, na wewe ulikuwa umenifungulia mlango wa kutokea.

Jioni nilimpika yule kuku kwa bamia, na ugali laini wa mahindi pembeni. Kuku ni kuku. Ulikula vipande vitatu, umesimama, ukasema, "Sasa ndiyo nimemmeza kweli." Tulicheka mpaka baba yako akatuuliza kama tuna wazimu.

Ukaondoka. Ukadakia vilabu vya Goiás, vya Pará, vya miji ambayo barua zangu zilifika wewe umeshahama. Kisha miaka saba kwenye klabu kubwa ya Belo Horizonte, na katika miaka hiyo saba ulicheza mechi tisa. Zilizobaki ulikaa benchi, kama kweli wewe uliweza kukaa. Kidole kiliunga vibaya. Hakikukunjika tena sawasawa. Makocha walisema una kila kitu isipokuwa mipira ya upande wa kushoto juu. Nilikuwa nawasikia redioni. Mimi peke yangu katika Barro Fundo nilijua upande wa kushoto juu ulipotelea wapi.

Nilipostaafu kituoni walinifanyia sherehe, keki na hotuba. Meya alisema mikono yangu haijawahi kukosea. Wewe ulisafiri usiku kucha kuja, na ulipiga makofi kuliko wote. Nilikutazama unisaidie. Ukanikonyeza.

Ulipoacha kudaka ulirudi Oleiros kufundisha makipa, na miaka mitatu baadaye wakakupa timu nzima. Watu walishangazwa na desturi yako moja. Kabla ya mazoezi ya Jumatatu makipa walisimama mbele yako na kunyoosha mikono, na wewe ukabonyeza kidole kimoja kimoja, vyote kumi, ukiwatazama usoni wala si mkononi. Walikutania. Walisema kocha anatafuta mke. Hukuwajibu, ukaendelea kubonyeza.

Ndipo ikaja nusu fainali ya mwaka juzi. Saa moja kabla ya mechi ulimbonyeza Josué, kipa bora tuliyewahi kuwa naye, na jicho lake likacheza. Akakuambia, "Funga plasta, kocha, nacheza." Ukamwambia plasta haioni ndani. Ukamweka nje, ukamwingiza Gilvan, kipa wa akiba, ambaye hakuwa ameshika mpira wa mechi tangu Pasaka. Tukafungwa mawili kwa moja. Langoni kwetu akaletwa kuku mwingine, wa madoadoa. Huyo sikumpika. Anataga mpaka leo. Uongozi ukakunyang'anya timu ukakurudisha kwa makipa, na ukaenda siku ya pili asubuhi na mfuko wako wa mipira kana kwamba hakuna lililotokea. Josué alikaa mwezi mzima bila kukusalimu. Alisema mbele ya wenzake kwamba wewe ni mwoga, kwamba uliogopa tangu tisini na tisa.

Sasa wanataka uwanja mdogo wa makipa uitwe kwa jina lako. Wiki iliyopita Mzee Amadeu wa duka la mikate, ambaye yumo kwenye kamati ya klabu, alinisimamisha barabarani. "Dona Iolanda," akasema, "mimi sina neno na marehemu. Ila lile la tisini na tisa tutalisemaje? Watoto watauliza, huyu si ndiye aliyemeza kuku?" Nikamwambia asubiri gazeti.

Basi, Amadeu, gazeti hili hapa. Mwanangu hakumeza kuku. Alidaka kwa mkono uliovunjika kwa sababu mama yake, muuguzi, alimwambia mkono ni mzima. Akalibeba hilo miaka ishirini na mitano ili ninyi muendelee kuniletea watoto wenu, na mliendelea. Yule kuku mweupe alikuwa wako, nilimtambua kwa ukucha uliokatika. Alikuwa mtamu. Kibao cha jina lake wekeni au msiweke, hiyo ni kazi yenu. Yangu nimeifanya.

Marlúcia aliposoma maneno haya kabla sijayapeleka alisema, "Mama, futa. Watasema nini juu yako?" Nikamwambia nina miaka sabini na minne, waseme wanavyotaka. Akalia, kisha akanirekebishia koma mbili.

Juzi Josué alikuja nyumbani. Siku hizi anadakia Belo Horizonte, lakini alikuwa amesikia habari ya misa yako ya mwaka mmoja. Nilimkalisha jikoni nikamweleza yote haya, kwa sababu sikutaka ayapate gazetini. Alikuwa anatazama vidole vyake juu ya kitambaa cha meza.

Mwisho akasema, "Nilimwita mwoga, Dona Iolanda."

Nikamwambia, "Nami nilimwacha aitwe hivyo, tena kwa miaka mingi kuliko wewe."

Akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu. "Alikuwa ananibonyeza kila Jumatatu. Kule hakuna anayebonyeza. Bonyeza wewe."

Nilikataa. Nilimwambia mikono hii ndiyo iliyokosea, atafute daktari. Hakuirudisha. Aliiacha pale hewani kati ya kikombe na sahani, na wewe unajua mimi siwezi kuona mkono umenyooshwa nikaupita.

Nikanawa kwa sabuni. Nikavaa miwani. Nikavuta kiti, nikaketi, Evilásio, kwa mara ya kwanza tangu uondoke nikaketi kweli. Nilianza na kidole gumba cha kulia. Nilikwenda taratibu, kifundo kwa kifundo, nikimtazama usoni kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Kahawa ilipoa nikaiacha ipoe. Nilipofika kidole cha pete cha kushoto nilikaa hapo muda ule ambao sikukupa wewe, na zaidi.

"Kinauma?" nikamuuliza.

"Hakiumi."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

"Kizima," nikamwambia. "Lakini kesho kapige picha."

Misa ya mwaka mmoja itakuwa Jumapili hii, saa tatu asubuhi, kanisani kwetu Barro Fundo. Baada ya misa karibuni nyumbani, kahawa ipo na mayai yapo mengi.

Unakumbukwa na mimi mama yako Iolanda, mkeo Ivonete, wanao Taíse na Osório mdogo, anayegusa miimo yote miwili ya mlango kabla ya kuingia chumbani na hakuna aliyemfundisha, dada yako Marlúcia na mumewe, na makipa wako wote, wenye vidole kumi vilivyonyooka.

Nimekula, mwanangu. Tutakukumbuka daima.