Nilivyoandika "Ng'ambo"

Rahaleo, Jumatano, Agosti 2004

Neno lenyewe nimeliandika mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Wataalamu wanakusanya mate ya watu wa kandokando ya Ruvuma, wapime vinasaba na kujua binadamu wa kale walihamahama vipi. Mimi, mwalimu wa kuja, ndiye mkalimani wao. Leo, katika kijiji kimoja karibu na Kilambo, fomu iliuliza asili. Nikarahisisha: "Semeni mababu zenu walitoka wapi."

Bibi Asumini alitema mate kwenye kichupa, akacheka. "Andika ng'ambo, mwanangu. Hapa sote wa ng'ambo." Mto huo wa mpakani wanauvuka kwenda kuoa na kuzika. Nikaandika ng'ambo mbele ya kila jina, ukurasa mzima.

Baadaye mtendaji wa kijiji akaomba kuiona orodha. Nikampa. Nilidhani ndiyo adabu. Aliipitia kwa kidole, jina kwa jina, akinakili kwenye daftari lake.

"Kumbe wamekiri wenyewe kwamba si raia," akasema. "Umetusaidia, mwalimu."

Nikamwambia ni habari za maelfu ya miaka. Akaniuliza kwa upole, "Huu si mwandiko wako?"

Kiongozi wa wataalamu anasema nisijali, kwenye vichupa kuna namba tu, hakuna majina. Ni kweli. Majina yako kwa mtendaji.

Tulipokuwa tunaondoka, Bibi Asumini aliuliza majibu yake yataletwa lini. Nilimwambia yatachelewa, pengine mwakani.

Ya mtendaji sidhani kama yatachelewa.